Mdudu kwenye matamvua ya chinchard: ni nani, na tunamjuaje?

Jumamosi moja yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alinunua chinchard sita soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, akawaweka kwenye beseni barafu iyeyuke wakati anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mimi nilikuwa chumbani. Nikasikia ananiita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka: "Kuya uone! Iko mududu mu kinywa ya samaki!"

Alikuwepo kweli. Juu ya ulimi wa samaki wa tatu alilala kiumbe mweupe wa rangi ya krimu, urefu wake kama pingili ya kidole gumba, mgongo umegawanyika vipande vipande kama paa la bati, macho mawili madogo meusi yakitazama nje ya kinywa. Nilipoinua kifuniko cha matamvua nikamkuta wa pili, mdogo sana kuliko yule, amejibana kwenye tao kama kibanio cha nguo kwenye kamba. Jirani aliyekuwa mlangoni akasema ni alama ya samaki aliyeoza. Yaya akataka kumwaga beseni lote. Nikamwomba anipe hao wawili na chupa tupu ya dawa, na samaki tukawala jioni kwa bukari, yaani ugali.

Tangu siku hiyo watu wa mtaa wananiletea wadudu wa samaki kwenye vifuniko vya chupa na kuniuliza jina. Naandika makala hii kwa sababu swali hilo halijibiwi kwa neno moja, na kwa sababu picha zinazozunguka kwenye simu zinampa kila mdudu wa samaki jina lilelile, "mla ulimi", hata yule ambaye hajawahi kuukaribia ulimi.

Kwanza, kwa nini tunawaona sisi tulio mbali na bahari? Chinchard, ambaye wengine humwita Thomson, ni samaki wa jenasi Trachurus. Sehemu kubwa ya wanaotufikia huvuliwa pwani ya Namibia, kwenye maji baridi ya mkondo wa Benguela. Hugandishwa wazima, na kichwa, matumbo na matamvua yao, wakafungwa kwenye katoni na kupakiwa kwenye bandari ya Walvis Bay. Barabara inavuka Zambezi kwenye daraja la Katima Mulilo lililofunguliwa mwaka 2004, inakatiza Zambia hadi Ndola, inaingia kwenye foleni ya mpaka wa Kasumbalesa. Ni zaidi ya kilomita 2,000. Samaki anafika kama alivyotoka majini, na wageni wake wote ndani. Makayabu, kwa mfano, hutufikia amekatwa kichwa, amepasuliwa na kutiwa chumvi, kwa hiyo chochote kilichokuwa kwenye matamvua yake kilibaki mbali. Chinchard ndiye anayetuletea bahari hadi jikoni.

Sasa tuingie ndani ya kichwa chake. Kila upande kuna matao manne yanayobeba matamvua, na kila tao lina safu mbili za nyuzi nyekundu zilizopangwa kama meno ya chanuo. Upande wa ndani wa tao, unaoelekea kinywani, kuna miiba ya kuzuia chakula kisitoroke na maji. Damu inapita kwenye nyuzi hizo ikitenganishwa na maji kwa ngozi nyembamba mno. Kwa kiumbe anayekula damu au ute, pale ni mahali pa raha: chakula kiko chini ya mdomo wake, maji safi yanapita saa zote, na kifuniko kinamkinga na mkondo na maadui. Ndiyo maana matamvua ya samaki yana vimelea wa aina nyingi kuliko sehemu nyingi za mwili wake.

Wengi kati yao ni gegereka, yaani ndugu wa kaa, kamba na uduvi. Hapo ndipo watu wanaponikatalia, hasa nikiwaonyesha wale waliofanana na mnyoo au kipande cha utumbo. Wana haki ya kushangaa. Linnaeus mwenyewe, baba wa majina ya kisayansi ya viumbe, mwaka 1767, alipompa jina kimelea mwekundu wa matamvua ya samaki wa kaskazini, ambaye leo anaitwa Lernaeocera branchialis, alimweka kwenye kundi la minyoo. Kilichofumbua fumbo ni watoto wao. Yai likianguliwa, anatoka kiumbe mdogo anayeogelea, mwenye jozi tatu za miguu na jicho moja la katikati, anayeitwa nopliasi. Na nopliasi ni alama ya gegereka. Mtoto anaonyesha ukoo ambao mwili wa mama umeuficha. Mnyama akishapata mahali pa kushika na chakula kisichoisha, miguu ya kuogelea haimfai tena. Katika baadhi ya jamii inapungua hadi vijiti visivyoonekana, na mwili unageuka mfuko wa kutengeneza mayai.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kutambua ni huu: usianze kwa kuuliza anafanana na nini. Uliza ameshika kwa kitu gani. Sura inadanganya, kwa kuwa viumbe wa koo tofauti wanaoishi mahali pamoja huishia kufanana, na ndugu wa damu wanaoishi mahali tofauti huachana kabisa. Lakini kiungo cha kushikia, iwe kulabu, mkono, kitufe au nanga, kimetoka kwenye kiungo fulani cha babu yao, na ukikijua kiungo hicho umeshafika karibu na jamii.

Nianze na isopodi, kundi moja la gegereka, kwa sababu ndio wanaoonekana kwa macho na ndio waliomtisha yaya yangu. Isopodi ana mwili bapa kutoka juu kwenda chini, pingili zinaonekana wazi, hana gamba moja la kufunika mgongo wote. Mgeuze, umhesabu miguu kwa sindano. Ukikuta jozi saba, na zote saba zimejikunja kuwa kulabu kali zinazoelekea ndani, umempata simothoidi, yaani jamii ya Cymothoidae. Huyu hushika na haachii. Maisha yake ya utu uzima yako pale. Ukikuta jozi tatu za mbele ni kulabu lakini nne za nyuma ni nyembamba za kutembelea, ni wa jamii ya Aegidae, anayekula akashiba kisha akaondoka. Ukikuta miguu yote ni ya kutembea, macho makubwa, mkia mpana wenye nywele pembeni, basi huenda si kimelea hata kidogo: ni mla mizoga wa jamii ya Cirolanidae, aliyemkuta samaki amekwama wavuni akaingia kupitia matamvua kumla. Nimeona picha za huyu wa mwisho zikisambazwa na maneno makubwa kuhusu magonjwa ya samaki. Samaki hakuwa mgonjwa. Alikuwa tayari chakula.

Kuna wa nne, mdogo wa milimita chache, tumbo limevimba kwa damu, na jozi tano tu za miguu ya kutembelea. Huyo ni nathiidi, jamii ya Gnathiidae. Anayenyonya samaki ni mtoto peke yake; akikua anaacha kula kabisa, na dume mzima, mwenye mataya kama koleo, anakaa chini baharini. Tatizo la kumtambua linaumiza kichwa: majina ya spishi yamejengwa juu ya maumbo ya dume mzima, na wewe kwenye samaki unapata mtoto. Wanaofanya kazi pwani huwaweka hai kwenye maji ya bahari hadi wajivue gamba. Sisi wa katoni ya barafu tunaandika "nathiidi, mtoto" na tunasimama hapo kwa heshima.

Turudi kwa simothoidi, maana ndiye anayechanganya watu zaidi. Kila mmoja huanza maisha ya uzima akiwa dume. Wa kwanza kufika ndani ya samaki hukua na kugeuka jike. Wa pili akimkuta jike yupo, hubaki dume, mdogo, nyuma yake, kooni au kwenye tao la matamvua. Jike akitoweka, dume anaweza kuchukua nafasi yake na kuwa jike. Wale wawili wa samaki wa yaya yangu, mkubwa wa ulimini na mdogo wa kwenye tao, hawakuwa aina mbili. Walikuwa mke na mume. Kila ninapoona orodha inayotaja "spishi ya kinywa" na "spishi ya matamvua" kutoka samaki mmoja, swali langu la kwanza ni kama kuna mtu aliyetazama tumbo la yule mkubwa. Jike ana vibao vyembamba vinavyopishana chini ya kifua kutengeneza mfuko wa mayai, dume hana. Na ukiufungua mfuko huo ukakuta watoto, usishtuke kuwakuta na jozi sita za miguu badala ya saba. Ya saba huota baadaye. Mtu aliyesoma kuwa isopodi ana jozi saba, akapata mtoto wa jozi sita, anaweza kupoteza jioni nzima akitafuta jamii isiyokuwepo.

Mtego mwingine ni kupinda. Simothoidi wanaoishi chini ya kifuniko cha matamvua mara nyingi mwili wao umepinda upande mmoja, kama mtu aliyelala kwenye kitanda kifupi. Aliyekulia matamvua ya kushoto anapinda kinyume na aliyekulia ya kulia. Kwa hiyo mwelekeo wa kupinda unakueleza alikokulia na wala si spishi. Lakini ikiwa uliandika upande kwenye karatasi ulipomtoa, una njia ya kujihakiki.

Kwa yule wa ulimini, nilitazama kwa lenzi mizizi ya papasi zake fupi, yaani pembe za kupapasia zilizo kichwani. Kwenye jenasi Cymothoa, mizizi hiyo iko mbalimbali, kuna nafasi katikati ya paji la uso. Kwenye Ceratothoa inagusana. Ya kwake iligusana, na Ceratothoa ni wageni wanaojulikana sana katika vinywa vya Trachurus. Cymothoa exigua, yule "mla ulimi" wa kwenye simu, ambaye watafiti Brusca na Gilligan walieleza mwaka 1983 jinsi anavyochukua nafasi ya ulimi wa samaki, ni wa pwani za Amerika. Chinchard wa Namibia hakutani naye.

Wanaokaa chini ya kifuniko cha matamvua hasa ni wa jenasi nyingine: Mothocya, ambaye hupenda samaki wembamba wenye midomo mirefu kama sindano, Norileca, anayepatikana kwa ndugu wa chinchard wa bahari za joto, na Elthusa, ambaye spishi yake raynaudii ilielezwa na Milne Edwards mwaka 1840 kutoka Rasi ya Tumaini Jema na haichagui sana samaki wa kukaa naye. Majina haya yana historia inayofaa kujulikana, kwa sababu inaathiri hata namna ya kutafuta. Mwaka 1818 Mwingereza William Elford Leach alizichanganya herufi za jina la mwanamke, Caroline au Carolina, akaunda majina ya jenasi za isopodi: Nerocila, Anilocra, Cirolana, Rocinela. Aliongeza moja ambalo kwa mpangilio huohuo lingekuwa Lironeca, lakini kitabuni lilichapwa Livoneca, kwa v. Wataalamu waliandika Lironeca kwa miaka mingi. Sheria ya majina ya wanyama inaheshimu herufi zilizochapwa kwanza, kwa hiyo Livoneca ndilo linalotumika leo. Kisha mwaka 1990 Niel Bruce alipozipanga upya jenasi hizi, spishi nyingi zilizokuwa Livoneca zikahamishiwa Elthusa, na kwa kundi jingine akatunga Norileca, akicheza na herufi zilezile. Ukitafuta kimelea mmoja kwa jina moja tu, utapoteza nusu ya yaliyoandikwa juu yake.

Sasa kopepodi, kundi jingine la gegereka. Hawa ni wengi zaidi kwa mbali, na kwa kawaida ni wadogo. Wengine ni milimita moja tu. Utawajua kwa nyuzi mbili au vifuko viwili vinavyoning'inia nyuma ya jike. Hayo ni mayai. Yatazame kwa lenzi kabla ya kitu kingine. Kama yamepangwa mstari mmoja, bapa bapa, kama sarafu ndani ya mrija, uko kwenye kundi kubwa la kopepodi wenye mdomo kama bomba. Kama yamerundikana kama kishada, unaelekea kwenye kundi jingine, la akina Ergasilus. Kanuni hii ina waasi: jamii ya Lernaeopodidae ina mdomo wa bomba lakini mayai ya kishada. Ndiyo maana nasema tazama kishikio pia.

Ergasilus, jenasi iliyopewa jina na Nordmann mwaka 1832, ameshika kwa papasi. Zimegeuka mikono mirefu yenye kucha, na jike anaukumbatia uzi wa tamvua kama mtoto anavyokumbatia mguu wa mama. Majike peke yao ndio vimelea; dume anaogelea huru maisha yake yote. Hao hupatikana zaidi kwenye maji baridi ya mito na maziwa na kwenye maji ya chumvi kidogo, kwa mfano kwa mikizi wa midomo ya mito.

Lernanthropus ni mwingine kabisa. Mgongoni ana bamba kama shuka, na miguu yake ya nyuma imekuwa majani marefu yanayopeperuka kati ya nyuzi. Miguu ya tatu imejikunja kama mfereji na uzi wa tamvua unalala ndani yake. Chinchard wa jenasi Trachurus ana wake, Lernanthropus trachuri, aliyeelezwa na Brian mwaka 1903. Ukimwona kwa mara ya kwanza unadhani ni kipande cha tamvua kilichochanika. Rangi na sura vinamficha. Mimi nilipita juu yake mara mbili kwenye tao moja kabla ya kumwona, na nilimwona kwa sababu ya nyuzi za mayai tu.

Lernaeopodidae wana mikono miwili iliyoungana kwenye ncha, na ncha hiyo imeshonwa kwenye tamvua kwa kitufe kigumu. Jike akishakipanda kitufe hicho hatembei tena. Dume ni kibete, na mara nyingi utamkuta ameng'ang'ania mwili wa jike. Clavella ni wa samaki wa jamii ya kodi (cod), Clavellisa ni wa ndugu wa dagaa na sadini.

Kuhusu Caligus nitasema kosa langu. Huyu ni bapa, kifua chake kimefunikwa na ngao kama gamba la kobe, na hutembea. Mbele ya ngao kuna viduara viwili vinavyong'aa. Nilipomwona mara ya kwanza nilividhani ni macho, kisha nikavidhani ni vinyonyeo, nikamwandika Argulus, yaani chawa wa samaki wa jamii ya Brankiura. Jina hilo lilikaa kwenye chupa miezi minne. Viduara vile huitwa lunula, miezi midogo, na ndivyo vinavyomtenganisha Caligus na ndugu yake Lepeophtheirus, ambaye hana. Argulus ana macho mawili halisi, vinyonyeo viwili vikubwa chini ya mwili, na kamwe habebi mayai nyuma yake. Jike hushuka kwenda kuyagandisha kwenye mawe. Nyuzi za mayai zilikuwepo kwenye chupa yangu siku zote. Sikuzisoma. Ni vizuri kujua pia kwamba hata waliobobea hurekebishwa: Lepeophtheirus salmonis, anayesumbua mashamba ya samoni, aliandikwa vitabuni kuwa na hatua kumi za ukuaji hadi mwaka 2013, ilipoonyeshwa kuwa ni nane.

Lernaeocera, yule wa Linnaeus, hatumpati kwenye chinchard. Namtaja kwa sababu anaonyesha hatari ya kuvuta. Kinachoonekana kwenye matamvua ni mfuko mwekundu uliojikunja kama herufi S na mayai yaliyojisokota. Kichwa chake hakipo hapo. Kimezama ndani ya mwili hadi kwenye mshipa mkubwa utokao moyoni, na kimeota matawi kama mizizi ya mti. Ukimvuta unabaki na mfuko usio na kichwa, na kichwa ndicho chenye jina.

Hapo tunaingia kwenye kazi ya mikono. Kabla ya kumgusa, mpige picha akiwa mahali pake, na sarafu au rula kando. Andika upande, tao la ngapi kutoka nje, na kama yuko mwanzo, katikati au ncha ya nyuzi. Kisha usimng'oe; kata uzi wa tamvua alioshikilia na umtoe pamoja nao. Mweke kwenye alkoholi ya asilimia 70. Famasi za hapa huuza ya 90: changanya sehemu saba za alkoholi na mbili za maji. Kuna aliyeniletea wake ndani ya lutuku, pombe kali ya kienyeji. Sikumlaumu, lakini nguvu ya lutuku hubadilika chupa hadi chupa, na mdudu alikuwa ameanza kulainika. Kwa anayefikiria vipimo vya vinasaba, atenge mmoja kwenye alkoholi kali ya 95 au zaidi. Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi na itumbukizwe ndani ya chupa. Wino huyeyuka, na karatasi ya nje hubanduka.

Kwa kopepodi wadogo kuna njia ambayo Humes na Gooding waliieleza mwaka 1964, na fundi mbao yeyote wa mtaa wa Katuba anaweza kukutengenezea kifaa chake. Chukua kibao chembamba cha ukubwa wa kioo cha hadubini, toboa tundu katikati. Weka tone la asidi laktiki kwenye kioo chembamba cha kufunikia, mtumbukize mdudu humo, kisha geuza kioo juu ya tundu, tone likining'inia chini. Asidi inaondoa nyama taratibu na kuacha gamba likiwa angavu kama kioo cha taa. Unaweza kumgeuza mdudu kwa sindano, mgongo kisha tumbo, bila kumponda. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, kiumbe niliyekuwa nikimwona kama punje ya mchele alifunguka: miguu, miiba ya miguu, kila unywele mahali pake. Ni miiba hiyo, idadi na mpangilio wake, inayoamua spishi. Jicho na lenzi ya mkononi vitakufikisha kwenye jamii, mara nyingi kwenye jenasi. Kuvuka hapo bila hadubini ni kubahatisha.

Barafu nayo ina mambo yake. Samaki akifa, wageni wanaotembea huanza kuhama. Ndani ya katoni samaki wanagusana, wanateleza, wanayeyuka na kuganda tena. Mdudu unayemkuta amelegea chini ya beseni hana samaki unayeweza kumtaja kwa uhakika. Mimi huandika "beseni" na si jina la samaki. Aliyeshika tamvua kwa kulabu zake ndiye ninayemwamini. Samaki mwenyewe pia anahitaji kutambuliwa: kaskazini mwa Namibia Trachurus capensis hukutana na Trachurus trecae wa upande wa Angola, na wanauzwa kwa jina moja la chinchard. Wote wana magamba magumu ya mfupa kwenye mstari wa ubavuni. Piga picha ya samaki mzima, ubavu wote, kabla hajaingia kwenye mafuta.

Na wapo wanaojifanya gegereka. Kwenye nyuzi za chinchard hukaa minyoo ya monojenea, kama Gastrocotyle trachuri, yenye safu ya vibanio nyuma ya mwili. Iguse kwa sindano: ni laini, haina pingili, haina miguu. Watafiti wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wanaifahamu vizuri jamii hii ya minyoo, kwani wameichunguza kwa samaki wa Lufira ya juu na wa bonde la Bangweulu na Mweru.

Jirani aliyesema samaki ameoza nilimjibu hivi: simothoidi, kopepodi na chawa wa samaki hawana njia ya kuishi ndani ya mwanadamu. Toa matamvua, osha, pika. Uozo unajulikana kwa harufu, kwa jicho lililozama na kwa nyama inayobonyea isirudi. Wa kuangaliwa kwa makini ni mnyoo mweupe uliojisokota tumboni na kwenye nyama, Anisakis, ambaye anaweza kumdhuru anayekula samaki wa baharini mbichi. Moto wa sufuria zetu unammaliza.

Yaya aliniuliza kama samaki wetu wa hapa nao wana hawa. Wanao. Kambale ana kopepodi wake wa matamvua, Lamproglena clariae. Argulus wa Tanganyika walielezwa na Cunnington tangu mwaka 1913, na Capart aliandika juu ya kopepodi wa samaki wa Kongo mwaka 1944. Lakini kinachonishangaza kuliko vyote ni simothoidi. Ni jamii ya baharini kwa sehemu kubwa, na Ziwa Tanganyika liko mbali na bahari kiasi hicho. Hata hivyo Geoffrey Fryer alimweleza mmoja wa ziwa hilo mwaka 1965, kutoka kwa samaki wa jamii ya sikilidi, ndugu wa tilapia, na mwaka 1968 akamweleza wa pili kutoka kwa ndugu wa dagaa, akampa jina enigmatica, yaani wa fumbo. Ndakala, yaani dagaa, wanaopakiwa Kalemie kwenye ufuko wa ziwa hilo, wanauzwa hatua chache kutoka meza ya chinchard, wakavu, vichwa vyao vizima.

Wiki iliyopita yaya alileta kikombe cha ndakala, akaketi mlangoni na lenzi yangu, akaanza kufungua vifuniko vya matamvua kwa ncha ya pini, mmoja mmoja, akiwapanga walioangaliwa upande wa kushoto wa sinia. Chupa ya wale wawili wa chinchard iko dirishani juu ya kichwa chake. Lebo ndani inasomeka: Trachurus, katoni, soko la Kenya, jike, juu ya ulimi, dume, tamvua la kushoto, tao la pili, Ceratothoa, spishi bado.